Starlet EP91 inabugia wese kuliko zamani, nianze na nini kabla sijaenda kutupa hela kwenye spea za Gerezani?

Chogo wa Mbezi

Wakuu salaam. Ninayo Starlet EP91 ya 1997, ile ya injini 4E-FE cc 1300, gia za mkono, nimeinunua mkononi kwa mtu mwaka juzi. Gari kwa kweli siilaumu, haijawahi kunilaza njiani, tatizo ni moja tu, wese. Nilivyoichukua nilikuwa nikiweka ya elfu hamsini Jumatatu asubuhi inanifikisha Ijumaa jioni, Mbezi Mwisho mpaka Posta na kurudi ni kama kilometa 40 kwa siku. Sasa hivi Alhamisi haijaisha taa ya mafuta inanikonyeza. Najua bei inapanda na kushuka, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya mi ndo wa kwanza kufungua simu, lakini hii tofauti siyo ya EWURA jamani, hii ni ya gari.

Nimejichanga kidogo nataka niifanyie mambo. Nilikuwa nawaza plagi za iridiamu, eya klina ile ya koni, na kuna jamaa kaniambia nitoe masega (yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi) gari ipumue vizuri halafu masega yenyewe ananunua yeye. Mwingine kaniambia niweke injini ya Vitz cc 1000 nimalize kazi.

Historia yake kwa kifupi: mwaka jana ilichemsha pale Kimara kwenye foleni, nikaipeleka kwa fundi akafungua fungua pale akabadilisha hosi na rejeta akaisafisha, tangu siku hiyo haijawahi kuchemsha tena, mshale uko chini muda wote, feni inazunguka mwanzo mwisho. Nimeweka rimu za inchi 14 zenye tairi 185/60. Oili naweka ile nzito kwa sababu gari ni ya zamani. Taa ya cheki injini haiwaki.

Nianze na kipi? Hela siyo nyingi naomba ushauri wa kweli.

kadodi

Uza nunua Passo. Naomba kuwasilisha.

Chogo wa Mbezi

@kadodi mkuu Passo ya mkononi nayo ina matatizo yake na hela ya kuongezea sina, ningekuwa nayo nisingekuja humu kulia.

Spana 14

Mkuu Chogo, umejijibu mwenyewe na hujajua kama umejijibu. Soma tena ulichoandika: "tangu siku hiyo haijawahi kuchemsha tena, mshale uko chini muda wote, feni inazunguka mwanzo mwisho". Nakuwekea dau la soda, fundi wako alitoa themostati akaitupa na feni akaiunga direct.

Huu ndo ugonjwa wa mafundi wetu wengi, gari ikichemsha kitu cha kwanza wanatoa themostati, ukiuliza unaambiwa "hii ni ya nchi za baridi bosi, huku kwetu joto haina kazi". Siyo kweli kabisa. Themostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, ya Toyota nyingi za umri huo imegongwa namba 82 maana yake inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Ukiitoa maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unawasha, ukiongeza na feni inayopuliza muda wote basi injini haipati joto lake hata ukienda nayo Chalinze.

Sasa inahusiana vipi na mafuta. Hiyo gari ni ya nozeli, mafuta yanapangwa na kompyuta, na kompyuta inasikiliza sensa ya joto la maji. (Usiichanganye na ile ya geji, ya geji ina waya mmoja, inayoongea na kompyuta ina waya mbili.) Maji yakiwa ya baridi kompyuta inasema ahaa, gari ndo imeamka, inaongeza mafuta ili isizime. Hiyo ni sawa kwa dakika za mwanzo asubuhi, lakini wewe injini yako inaamka asubuhi, inaamka mchana, inaamka saa mbili usiku ukiwa unarudi. Ni sawasawa na wale wazee wa kabureta mtu aendeshe choki imevutwa siku nzima. Tena oili inabaki nzito, petroli ambayo haijaungua inateremka kwenye oili, silinda zinalika. Kwa hiyo unalipa mara mbili, leo sheli na kesho kwa fundi wa injini.

Na usitegemee taa ya cheki injini ikwambie. Kompyuta ya gari za miaka hiyo ikiona maji ya baridi haioni kosa, inaona maji ya baridi tu, haijui kwamba umeshaendesha saa nzima. Taa itawaka sensa ikikatika waya au ikileta kipimo kisichowezekana. Hata hivyo isome, ni bure: fungua boneti utafute kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, kifunue juu, ndani kuna matundu yana majina kwenye mfuniko, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi oni bila kuwasha injini, halafu hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa haraka haraka mfululizo bila kupumzika hamna kosa. Ikipepesa mbili ikapumzika ikapepesa moja hiyo ni 21, sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi. 22 ni hiyo ya joto la maji. 31 ni ile inayopima presha ya hewa. Usiunganishe tundu jingine lolote kwa kubahatisha.

Ila kitu muhimu kuliko vyote SIKILIZA: usinunue themostati ukaipachika kesho ukaondoka. Kwanza jiulize kwa nini ilichemsha. Kama feni iliungwa direct maana yake swichi ya feni ilikuwa imekufa, hiyo ndo iliyokuchemshia foleni ya Kimara, ukirudisha themostati bila kujua mfumo mzima uko vipi utachemsha tena utasema Spana kaniua. Mpangilio: swichi ya feni, mfuniko wa rejeta (umeandikwa 0.9 au 1.1 juu, weka ule ule unaotakiwa), themostati mpya na oringi yake, kulanti. Siyo maji ya kisima tafadhali, visima vingi vya Dar vina chumvi, yatakula rejeta na pampu kimya kimya.

Spana 14

Nimesahau. Masega usimpe mtu. Yule hakuonei huruma, ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu ndo maana ananunua. Gari haitapunguza mafuta hata nusu lita, itapiga kelele na moshi utanuka mpaka ndani. Masega yakiziba kweli utajua, gari inakosa nguvu kabisa ikipanda mzunguko, wewe hujasema hivyo.

BwanaSumaku

Wadau msihangaike kufungua magari, kuna sumaku za kubana kwenye mpira wa mafuta zinapanga chembechembe za petroli inaungua yote, zinapunguza matumizi hadi robo. Ninazo pc chache, njoo PM.

Nuru Tabata

@BwanaSumaku kaka yangu kama sumaku inapunguza robo ya mafuta Toyota wenyewe wangeibana kiwandani, sumaku bei gani? Serikali ya Marekani kupitia EPA yao wamepima vifaa vya namna hii zaidi ya 100 kwa miaka mingi, karibu vyote havikufanya kitu na hivyo vichache vilivyofanya kitu vilifanya kidogo sana. Tuache.

@Chogo mi siyo fundi, naendesha Corolla 110 mwaka wa tisa huu, nakushauri kitu kabla hujagusa spana yoyote: PIMA. Unavyopima kwa elfu hamsini hujapima gari umepima EWURA. Nenda sheli jaza mpaka bomba likate lenyewe, usimruhusu kijana aendelee kudondoshea dondoshea mpaka namba iwe nzima. Rudisha kile kisoma kilometa kidogo kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka nusu ya tanki au zaidi, rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena likate lenyewe. Kilometa gawanya kwa lita. Fanya mara mbili ndo uamini. Halafu badilisha kitu KIMOJA upime tena, ukibadilisha plagi, oili, eya klina na tairi siku moja hutajua kilichokusaidia ni nini na utaishia kumsifia fundi asiyestahili.

Chogo wa Mbezi

@Spana 14 mkuu umenishtua, soda ipo. Kweli mshale unakaa chini ya robo, nikiwa barabara ya Morogoro usiku hakuna foleni unashuka karibu na C kabisa, mimi nilikuwa najisifia kwa washkaji kwamba gari yangu haipati moto. @Nuru asante dada nitapima kuanzia kesho.

Kwa iyo plagi za iridiamu?

Spana 14

Iridiamu inadumu, haibanii mafuta. Plagi ya kawaida ikiwa oginali na namba yake sahihi inatosha, shida ni feki zimejaa, boksi zuri ndani takataka. Zile za NGK namba ikiishia na -11 ujue nafasi ya cheche ni milimita 1.1, chukua fila (vile vibati vya kupimia nafasi) pima mwenyewe kila moja kabla ya kufunga. Na ukizitoa za zamani usizitupe ziangalie rangi: nyeusi kavu kama masizi ya chungu gari inakula mafuta mengi, kahawia iliyopauka iko sawa, nyeusi yenye utelezi hiyo ni oili na ni kesi nyingine.

Koni usiweke, inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti na vumbi la Mbezi litaingia mpaka kwenye injini. Hata eya klina chafu kwa gari ya nozeli haili mafuta kama watu wanavyosema, maabara ya Oak Ridge kule Marekani walipima 2009 wakakuta matumizi hayabadiliki, kinachopungua ni nguvu ya kuchomoka. Badilisha kwa ajili ya afya ya injini sawa, usitegemee miujiza.

Injini ya Vitz kwenye bodi ya Starlet sitaki hata kuongelea.

MseeWaEP82

Salamu kutoka Nairobi. Mimi niko na EP82 ya 1994, injini ni hiyo hiyo yenu 4E-FE. Nyinyi mnalia na EWURA, sisi huku EPRA wanatupiga kila tarehe 14 na inaanza usiku huo huo, siku hiyo jioni ukipita petrol station utaona laini ya magari mpaka barabarani.

Nikwambie yangu ilikuwa nini. Ilianza kunywa mafuta vibaya sana, makanika akanibadilishia plagi, akasafisha throto, akabadilisha fyuel filta, pesa inaenda tu na hakuna kitu. Siku moja natoka Thika naegesha nyumbani mtoto anapita karibu na gurudumu la mbele anasema baba hii tairi inatoa joto kama jiko. Kushika rimu, moto. Kalipa ilikuwa imekwama, zile pini zake zinazoteleza zimekauka grisi yote, kwa hivyo pedi zinashika diski wakati wote, nimekuwa nikiendesha breki zimekanyagwa miezi sijui mingapi. Pini kusafishwa na kupakwa grisi ya breki, gari ikakuwa nyepesi hadi nikidhani nimeweka injini ingine.

Ndugu Chogo fanya hivi, ukishaendesha kama kilometa kumi na umetumia breki kidogo, simama mahali, peleka mkono karibu na rimu zote nne (karibu, usishike utaungua). Ikiwa moja ina joto kuliko mwenzake wa upande ule mwingine, hapo kuna maneno. Tena jaribu mahali tambarare, weka gia nyutro, toa hendbreki, sukuma na mkono mmoja. Starlet ni gari nyepesi, mtu mmoja anasukuma. Ikikataa iulize kwa nini.

Spana 14

@MseeWaEP82 hapo umemaliza. Breki zinazoshika na upepo mdogo kwenye tairi vinakula mafuta kimya kimya na hakuna taa itakayowaka. Chogo upepo unaweka ngapi?

Chogo wa Mbezi

Upepo naweka kwa jicho kwa kweli, nikiona imelala nasimama kwa kijana wa tairi.

Spana 14

Haya. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko, kama hakijabanduliwa kina upepo na saizi ya tairi. Nunua kigeji chako kidogo, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, za vijana wa barabarani nyingi zinadanganya. Hao hao Wamarekani wanasema kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote nne unapoteza asilimia 0.2 ya mafuta, inaonekana ndogo lakini wewe wa kwa jicho unaweza ukawa umepungukiwa psi 10.

Na hizo rimu, kama kibandiko kinasema 155/80R13, basi 185/60R14 urefu wake wote unakaribia kulingana kabisa kwa hiyo kilometa zako hazidanganyi, ila tairi ni pana na rimu mara nyingi ni nzito, inashika barabara vizuri na inadai mafuta kidogo zaidi. Uzuri una gharama, hiyo chagua mwenyewe.

Oili, toa hiyo nzito. Injini hii ilitengenezwa kwa 5W-30 au 10W-30, kama imechoka na inapunguza oili weka 10W-40. Hiyo ya dumu ya SAE 40 achia trekta.

Mzee wa Kitonga

Vijana mmeongea mengi ya spana mmesahau mguu. Mimi nimeendesha toka enzi za Datsun. Gari ikishika mteremko weka free (nyutro), injini inabaki sailensa inanguruma taratibu tu, mafuta yanabaki kwenye tanki. Iringa Dar nilikuwa naokoa lita za kutosha.

Nuru Tabata

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote hiyo ilikuwa ya kabureta. Gari ya nozeli ukiteremka ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, kompyuta inafunga nozeli kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini, matumizi ni sifuri mpaka mzunguko ushuke huko kwenye 1,500 hivi ndo inarudisha. Ukiweka free inabidi iendelee kunyunyiza ili injini isizime. Kwa hiyo mteremko mkali ukiwa free unatumia zaidi, na pale Kitonga ukiwa free unabaki na breki peke yake, zikipata moto zikagoma ni bonde lile unalolijua mwenyewe.

Mzee wa Kitonga

Marahaba binti. Breki nilikuwa nazipumzisha. Lakini hilo la nozeli sikulijua, nitamuuliza kijana wangu.

Nuru Tabata

Ila hilo la mguu ni kweli, mzee kaongea la maana. Chogo barabara ya Morogoro foleni ile ukiangalia watu wanavyoendesha, mtu anakanyaga mafuta mita thelathini halafu anapiga breki, kanyaga, breki, ile ni hela unaigeuza vumbi la pedi. Mi naacha nafasi mbele, bodaboda zitaingia waache waingie, natembea na gia ya pili taratibu sisimami kabisa. Eyasii asubuhi nafungua vioo, jua likikolea nafunga nawasha, sijinyimi, kufika ofisini umelowa jasho nayo ni gharama. Na buti toa huo mzigo, kuna mtu nilikuta anatembea na mfuko wa simenti toka Pasaka.

kadodi

Mfuko wa simenti ulikuwa wangu. Nimeutoa.

Chogo wa Mbezi

Wakuu narudi na mrejesho, imechukua wiki kadhaa kwa sababu nimefuata ushauri wa Nuru wa kupima kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza kabla sijagusa kitu: kilometa 285, lita 31. Hiyo ni 9.2 kwa lita. Gari ya cc 1300 hiyo, nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu.

Taa nimeisoma na waya wa stepla, inapepesa mfululizo hamna kosa, kama alivyosema Spana. Jumamosi nikaenda kwa fundi mwingine (siyo yule), nikamwambia fungua nyumba ya themostati niangalie. Akafungua. Tupu! Hata oringi hamna kapaka silikoni tu. Fundi huyu mpya naye akaniambia "ah hata sisi huwa tunatoa, gari inakuwa huru", nikamwambia hapana leo tunarudisha, akaniangalia kama mtu niliyesoma sana. Feni kweli imeungwa direct, waya mwekundu umepita juu ya betri umefungwa na utepe, na swichi yake ya chini kwenye rejeta imekufa. Nimenunua swichi, mfuniko wa rejeta 0.9, kulanti, na themostati. Themostati nilinunua mbili za bei tofauti maana sikuwa na imani, nikaenda nazo nyumbani nikazitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto, ya bei rahisi maji yanatokota na yenyewe imefunga midomo kama haijasikia kitu, ya pili ilianza kuachia kwenye 83 hivi. Mama watoto hajafurahia habari ya sufuria. Ile mbovu nimerudisha dukani tukabishana sana mpaka nikamwonyesha video.

Baada ya hapo mshale umepanda umekaa chini kidogo ya nusu hausogei, foleni feni inawaka yenyewe inazima yenyewe, siku ya kwanza nilikuwa naendesha macho yako kwenye geji kuliko barabarani. Kipimo: kilometa 308, lita 27, ni 11.4. Kitu kimoja hicho.

Halafu nikaja kwa ndugu yetu wa Nairobi. Kupeleka mkono kwenye rimu, nyuma kushoto joto, wenzake wa kawaida. Nyuma ni dramu, kufungua kumbe kebo ya hendbreki imeshika kutu hairudi yote, viatu vinasugua. Kebo nyingine ya mtumba, usafi, imekwisha. Upepo, jamani, mbili za mbele zilikuwa na 21, kibandiko kinataka zaidi ya hapo. Oili nimeweka 10W-40. Najua Nuru atanigombeza nimefanya vitatu kwa pamoja lakini nilikuwa naaga mwezi.

Kipimo: kilometa 363, lita 27.5. Hiyo ni 13.2 kwa lita, foleni ile ile.

Nuru Tabata

Sikugombezi nimefurahi. Ila piga hesabu uone, kilometa 40 kwa siku 26 ni 1,040. Kwa 9.2 ulikuwa unaunguza lita 113 kwa mwezi, kwa 13.2 ni lita 79 hivi. Lita 34. Chukulia lita ni elfu tatu kwa hesabu rahisi, ni laki na kidogo kila mwezi ulikuwa unampelekea yule fundi wa kwanza bila yeye kujua.

Spana 14

Safi sana. Bado moja, taimingi, yaani muda wa plagi kupiga cheche. Ukipata fundi mwenye taa ya taimingi, unaunganisha TE1 na E1 kama ulivyofanya, injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, alama inatakiwa isome nyuzi 10 (za mzunguko, siyo za joto). Wengi wanazungusha distribyuta kwa sikio mpaka mlio uwapendeze wao, kama yako nayo imezungushwa kuna kitu kidogo bado kimebaki humo. Na ukanda wa taimingi uulize umebadilishwa lini, hiyo haihusu mafuta, inahusu usilale Chalinze.

Soda yangu naifuata.

Chogo wa Mbezi

Ukanda sijui, yule aliyeniuzia hakumbuki. Naweka mwezi ujao kabla ya kitu kingine chochote, ile hela ya iridiamu ipo. Soda nakuletea mbili.

MseeWaEP82

Wadau nimesoma hii yote usiku nikakumbuka hata yangu mshale huwa chini. Na mimi huwa najisifu eti gari haipati moto. Spana, themostati ya EP91 inaingia kwa EP82?

Spana 14

Injini ni moja, lakini nenda na namba yako dukani usibahatishe. Kwanza fungua uone kama ya kwako ipo.

MseeWaEP82

Nimefungua asubuhi hii.

Haiko.